Bi Uttley na Nyumba Iliyokaa Juu ya Nyumba ya Mwenzake

Anayenunua zulia la nyumba nzima ndiye aliyenunua nyumba. Mimi nimeuza mazulia katika soko la Hollinroyd, kaskazini mwa Uingereza, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, kwa hiyo nimesikia malalamiko mengi ya wanunuzi wa nyumba kuliko padri anavyosikia dhambi. Mteja anashika kipande cha zulia, anakipapasa, anakigeuza aone mgongo wake, halafu anaanza: "Helliwell, hivi wakili anafanya nini miezi yote hii? Nyumba nimeiona, nimeipenda, mwenyewe anaiuza. Kinachotukwamisha ni nini?" Mwingine anauliza kwa nini asitumie wakili yule yule wa muuzaji, gharama wagawane. Mwingine dalali amempa jina la wakili na anaogopa kumkataa. Wote wanataka kujua siku ya funguo, na wote wameshamwahidi mama mkwe siku hiyo.

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja. Nilinyoosha kidole kwenye ngazi za pembeni mwa duka la mikate na kusema, panda pale, kamwulize Bi Uttley. Mwaka jana Bi Uttley alistaafu. Ngazi zile sasa zinaelekea kwa mtu anayepaka watu rangi za kucha, na watu wamegeuka kuniuliza mimi. Mimi si wakili. Ninachokijua nimekipata kwake, na kwa kuwa yeye si mtu wa kujieleza, nitamweleza mimi.

Enid Uttley alizaliwa hapa hapa, mama yake mfumaji katika kiwanda cha pamba, na aliingia ofisi ile akiwa msichana wa kupiga taipu na kuchemsha chai. Kusoma alisoma jioni, kwa basi la kwenda Halifax, akawa wakili karibu na umri ambao wenziwe walikuwa wanaozesha mabinti. Hakuwahi kutetea mwizi wala kuvunja ndoa ya mtu. Kazi yake ilikuwa moja: nyumba itoke mkononi mwa huyu iingie mkononi mwa yule, na yule akiamka kesho yake asikute kwamba amenunua kesi. Mawakili wengi wa kazi hiyo nyumba yenyewe hawaioni hata siku moja. Yote huishia mezani. Yeye alikuwa na viatu vya mpira nyuma ya mlango wa ofisi. Akiona jambo halimkai, huvivaa akaenda kutazama.

Nitasema jambo moja kwanza, mpate kujua alikuwa mtu wa namna gani. Miaka mingi baada ya haya nitakayosimulia, nilitaka kuhamisha mkopo wangu wa nyumba kwenda benki nyingine yenye riba nafuu. Nikampelekea kazi. Akanitazama juu ya miwani. "Benki hiyo mpya haikukupa wakili wa bure?"

"Wamenipa. Lakini mimi nakujua wewe."

"Unahama na jina lolote? Unamwongeza mtu kwenye hati, unamtoa mtu? Unachukua fedha za ziada?"

"Hapana. Ni mkopo ule ule, mlango mwingine."

"Basi mchukue huyo wa bure. Kazi yenyewe ni ndogo, na atakayeifanya anafanya kama hizo mia kwa wiki. Siku ukitaka kumwingiza mwanao kwenye hati, hapo njoo kwangu."

Mfanyabiashara anayemfukuza mteja mwenye fedha mkononi! Nilishuka ngazi zile nikitikisa kichwa. Lakini tangu siku hiyo nimempelekea watu ambao siwezi kuwahesabu, kwa sababu anayekwambia usinunue kwake, siku akikwambia nunua, unatoa pochi bila kuuliza.

Sasa turudi mwanzo.

Mimi na Jean tulikuwa tunapanga vyumba viwili juu ya duka la kufulia nguo kwa mashine. Kila kitu chetu kilinuka sabuni ya mtu mwingine. Kiangazi kile mwenye jengo aliliuza, mnunuzi mpya akatwambia tuwe tumetoka kabla ya baridi. Jean alikuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele yake. Tulitafuta juu na chini. Nyumba pekee ambayo fedha zetu, pamoja na mkopo wa benki, ziliweza kuifikia ilikuwa ya Selwyn Pickersgill, dereva wa basi mstaafu, kule mtaa wa Garnett. Ikitupita hiyo, tungerudi kwa mama yake Jean, na mimi na mama yake Jean tulikuwa tukipendana sana kwa sharti la kukaa mbali.

Nyumba za Garnett, kama nyingi za bonde letu, zimejengwa kwenye mteremko mkali, moja juu ya mgongo wa nyingine. Ya chini ina ghorofa mbili na mlango wake unatazama mto. Ya juu imekaa juu ya dari ya hiyo, nayo ina ghorofa mbili na mlango wake uko upande wa pili, barabara ya mlimani. Wenyewe ni watu wawili tofauti, hawapangi, kila mmoja anamiliki chake. Wa chini ana ardhi. Wa juu ana paa. Pickersgill alikuwa wa juu. Wa chini alikuwa mzee Horace Crabtree, aliyefanya kazi ya kutia nguo rangi kiwandani mpaka kucha zake zikabaki za bluu.

Mimi na Pickersgill tulivutana bei jikoni kwake mchana kutwa. Yeye akataja bei, nikashika moyo. Nikataja yangu, akashika kiuno. Alipokubali tulipeana mikono kwa nguvu, akanipa na ufunguo wa akiba. "Kapime vyumba vyako, Norman. Mimi naenda Morecambe kumwona dada."

Sokoni kwetu mkono ndio mkataba. Ukiuvunja, hakuna atakayekuuzia hata kitunguu. Kwa hiyo sikupima tu. Nilikuwa na zulia zuri lililobaki kwenye kazi ya hoteli, rangi ya damu ya mzee, nikaona nitandike mapema, Jean aingie penye joto. Nilipiga misumari siku nzima, chumba cha chini cha nyumba ya juu. Chini ya sakafu ile kulikuwa na dari ya chumba cha kulala cha Crabtree. Lipu ya dari ikamwangukia kitandani.

Mimi sikujua. Jumatatu nilipanda kwa Bi Uttley kwa mara ya kwanza, nikiwa nimekwenda kumwomba anipunguzie ada.

"Ada ni hiyo," alisema.

"Kila kitu kina kupungua, Bi Uttley."

"Wewe unauza mazulia, Bwana Helliwell?"

"Naam."

"Mteja akikwambia punguza bei, unaweza kukata upana kidogo, chini ya kabati hakuna anayeona. Kazi yangu nikiikata upana, utaanguka pembeni."

Nilicheka. Nikalipa. Halafu nikamweleza kwa furaha kwamba zulia limeshatandikwa.

Aliweka kalamu chini. "Nani alikwambia nyumba ni yako?"

"Tumepeana mikono."

"Hongera. Mimi nimewahi kupeana mikono na askofu. Bado sijawa kanisa."

Hapo ndipo nilipolisikia jambo ambalo wateja wangu hawalisikii mpaka limewauma. Kwa nyumba, mkono si kitu. Bei iliyokubaliwa si kitu. Mpaka siku mawakili wawili watakapobadilishana mikataba iliyotiwa saini, Pickersgill anaweza kumwuzia mwingine, na mimi naweza kuondoka zangu, na hakuna wa kumshitaki mwenzake. Siku ya kubadilishana ndipo kamba inapokaza. Siku ya kukamilisha, baadaye, ndipo fedha zinapopita na funguo zinapotoka.

"Kwa hiyo mkono wa Pickersgill hauna thamani?"

"Una thamani ya mkono," alisema. "Sasa tuzungumze habari ya Bwana Crabtree."

"Crabtree anahusikaje? Mimi nanunua juu."

"Nyumba yako itakaa juu ya nyumba yake kama kofia juu ya kichwa. Benki yako inataka uhakika kwamba kichwa hakitaondoka."

Akanieleza taratibu. Zamani jengo zima lilikuwa la mtu mmoja, na lilipogawanywa hakuna aliyeandika lolote kuhusu nani anamtunzia mwenzake nini. Benki haitatoa mkopo mpaka iwepo hati kati ya juu na chini: wa juu aahidi kutunza paa, wa chini aahidi kutunza kuta zinazobeba, na kila mmoja amruhusu mwenziwe kuingia kutengeneza. Bila saini ya Crabtree hakuna hati, bila hati hakuna mkopo, bila mkopo nirudi kwa mama yake Jean.

"Andika, nimpelekee jioni hii."

"Nitaiandika. Lakini mimi ni wakili wako, si wake. Atahitaji wake."

"Nani atamlipa huyo?"

"Wewe."

"Nimlipe mtu anipinge!"

"Umlipe mtu amweleze Crabtree anachotia saini, ili kesho asiseme ulimlaghai. Anayemtumikia mnunuzi na jirani kwa pamoja, siku wakigombana, atamsaliti mmoja. Na wewe hujui utakuwa yupi." Akasukuma sahani ya peremende kwangu. "Na tafadhali, usiende kwake na zawadi."

Nilikwenda na zawadi. Mimi ni mtu wa soko. Sijui kumwomba mtu kitu mikono mitupu. Nilibeba zulia dogo la mbele ya moto, la sufu safi, nikagonga mlango wa Crabtree. Alifungua akiwa na vumbi jeupe begani. Hakusalimu. Alinishika mkono wa shati akaniongoza mpaka chumbani, akanionyesha dari iliyotoboka na kitanda kilichojaa chokaa.

"Hii ni kazi ya nyundo yako, bwana mazulia. Na ile?" Pembeni, chini ya doa la kahawia ukutani, kulikuwa na ndoo. "Ile ni kazi ya paa la Pickersgill. Nimemlilia yule miaka na miaka. Leo anasema kesho, kesho anasema Morecambe. Sasa ananiletea mwingine, naye kabla hajahamia keshanivunjia dari."

"Dari nitaitengeneza, Bwana Crabtree. Kuna na hati ya kutia saini, na nimekuletea..."

Alilitazama zulia. "Saini yangu umeipima kwa yadi?"

"Mzee, mimi nilikuwa nataka tu..."

"Toka na kitambaa chako."

Basi nilipanda barabara nikiwa na zulia begani kama mtu aliyefukuzwa nyumbani, na majirani dirishani wakifurahia.

Mambo mabaya hayaji peke yake. Wiki hiyo hiyo dalali alimletea Pickersgill daktari wa meno kutoka Manchester, aliyetaka nyumba ya kupumzikia mwisho wa juma. Hahitaji mkopo, anatoa zaidi. Pickersgill aliniita kwenye baa akanunua bia, nikajua kuna jambo, kwa sababu Pickersgill hanunui.

"Norman, mwenzangu, mkono wangu ni mkono."

"Sawa."

"Lakini dada yangu ana mdomo. Kila siku anauliza, huyo wa mazulia yuko wapi? Benki yake iko wapi?" Akanywa. "Nakungoja mpaka Jumapili ya mavuno kanisani. Ikipita, usinilaumu."

Nyumbani Jean alinisikiliza mpaka mwisho, miguu yake imevimba iko juu ya kiti. "Wewe umeshaongea na Crabtree, umeshaongea na Pickersgill," akasema. "Sasa nyamaza, umwachie yule mama uliyemlipa."

Bi Uttley alivaa viatu vyake vya mpira, nami nikamfuata. Mvua ilikuwa inanyesha ile yetu ya upepo, inayokuja kwa ubavu. Alisimama mtaa wa Garnett, upande wa mto, mwavuli umegeuka kombe, akatazama paa kwa muda mrefu. Gata lote la upande huo, mfereji wa kupokea maji ya paa, lilikuwa limeziba. Majani yalikuwa yameota humo, marefu, ya kijani. "Gata lina bustani," alisema. Maji yalikuwa yanafurika yanashuka ukutani moja kwa moja kwa Crabtree.

Akamwita Pickersgill, naye akatoa kichwa dirishani.

"Bwana Pickersgill, wakili wako nimemwandikia, lakini hapa nauliza kama mpita njia. Gata hilo litasafishwa?"

"Si langu tena! Nimeshamwuzia Norman!"

"Si langu bado!" nikapiga kelele. "Mwulize wakili wangu hapa, anasema mkono si kitu!"

Dirisha la chini likafunguliwa. Kilitoka kichwa cha Crabtree. "Basi ni la nani, la Malkia? Nimpigie simu aje na ngazi?"

Mtaa mzima ulicheka. Bi Uttley hakucheka. Alinivuta chini ya kibaraza cha duka la jirani, akafuta miwani.

"Bwana Helliwell, kama wakili wako ninakushauri usitumie hata senti moja kwenye nyumba ambayo si yako. Ukitengeneza paa hilo leo na kesho Pickersgill akamwuzia daktari wa meno, umemtengenezea daktari wa meno. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nitakuandikia hivyo kwa barua."

"Sawa."

Mvua iliendelea. Naye hakuondoka. Nikamtazama, akawa anatazama ukuta wa Crabtree, ule ulioloa kutoka juu mpaka chini.

"Mimi nimekulia nyumba ya chini," alisema. "Naijua sauti ya ndoo. Mama yangu alikuwa anasogeza kitanda kuifuata sehemu kavu, mpaka chumba kikaisha."

Halafu nikamwuliza, "Na kama jirani, ungenishauri nini?"

"Jirani hapokei ada," akasema. "Jirani angetafuta ngazi."

Akaenda mwenyewe mpaka chini ya dirisha la Pickersgill akamwuliza kama ananiruhusu kupanda. "Apande hata mbinguni," Pickersgill akajibu, "mradi asinidai!" Bi Uttley akasema, "Nimesikia," na jinsi alivyosema hivyo, sidhani Pickersgill angethubutu kukana.

Niliazima ngazi kwa mwosha madirisha. Mimi nimezoea kazi ya kupiga magoti. Kule juu hapakuwa na sakafu ya kupigia magoti. Nilitoa udongo, majani, kiota cha ndege, mpira wa tenisi, na soksi ambayo mpaka leo sijui ilifikaje. Kipande kimoja cha gata kilikuwa kimepasuka, nikanunua kipya. Vigae viwili vya mawe vilikuwa vimeteleza. Kila nilipopiga msumari nilikuwa nawaza, namjengea mtu wa meno. Ni kazi pekee maishani mwangu niliyoifanya bila kujua mnunuzi ni nani, na sikuipenda.

Nilipotazama chini nikaona Crabtree ameshika mguu wa ngazi. Ana koti na kofia, maji yanamchuruzika puani.

"Unashika nyundo kama kijiko cha uji," alisema.

"Wewe si umeshaijua nyundo yangu?"

"Naijua. Ndiyo maana nimekuja kuhakikisha haikuangukii mwenyewe. Piga upande wa kushoto, mpenzi, unaacha mwanya." Kwetu hata wanaume wazee huitana mpenzi, mradi hasira imepungua. Niliposikia neno hilo kule juu, nusu ya woga ilinitoka.

Hatukuzungumzia saini. Nilikuwa nimejifunza. Nilishuka, nikamwambia dari yake nitamletea fundi wa lipu Jumatano, nikaondoka.

Daktari wa meno naye alikuwa na wakili, na wakili wake hakuwa mjinga: akauliza swali lile lile, iko wapi hati kati ya juu na chini? Wakamtuma kijana wa dalali kwa Crabtree, na tai na karatasi, akamwambia asaini hapa, mzee, ni jambo la kawaida tu. Haya nimeyasikia kwa Crabtree mwenyewe, aliyeyasimulia mpaka kufa kwake, kila mara kwa maneno makali zaidi.

"Nikamwuliza, huyo bwana wako ameshapanda ngazi? Akasema ngazi gani? Nikamwambia, basi akamng'oe mtu jino. Mimi nitasaini na yule aliyeloa."

Crabtree alikwenda kwa wakili wake Halifax, kwa fedha zangu. Nilidhani atasaini alasiri moja. Badala yake wakili yule alirudisha hati ikiwa imechorwa kwa wino mwekundu: mteja wake anataka gata lisafishwe kila vuli, na anataka apewe taarifa kabla ya mtu yeyote kupiga nyundo kwenye sakafu ya juu. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia Bi Uttley ajibu kwamba tunakubali la kwanza na kukataa la pili, halafu tukutane katikati.

"Kwa nini ukatae?"

"Kwa sababu ameomba! Hupokei bei ya kwanza hata siku moja."

"Sawa. Ukikataa, barua itakwenda Halifax, itajibiwa, itarudi. Jumapili ya mavuno haitangoja posta. Unataka kushinda, Bwana Helliwell, au unataka nyumba?"

Niliikubali bei ya kwanza. Sijawahi kufanya hivyo kabla, wala sijafanya tangu siku ile.

Watu wanaponiuliza sasa wakili anafanya nini muda wote huo, nawaambia niliyoyaona kwa macho wiki ile. Aliuliza halmashauri kama barabara ya mlimani ni ya umma au tutadaiwa kuitengeneza. Aliuliza kuhusu mashimo ya zamani ya makaa ya mawe chini ya bonde. Aliuliza maji machafu yanatoka kupitia kwa nani. Aliwapigia benki mpaka wakaijua sauti yake, na yule binti wa benki akaanza kujificha. Kila jibu lilipokuja lilizaa swali, naye hakukasirika wala hakukimbia. Nilipomwambia haraka, alisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi ndiye ninayekifunua kitanda." Nikamwacha afunue.

Ijumaa kabla ya mavuno nilikuwa kwenye meza yangu sokoni, katikati ya kumkatia mama mmoja zulia la ngazi, msaidizi wa Bi Uttley alipokuja mbio na koti la mvua kichwani. "Amesema nikwambie wamebadilishana mikataba. Amesema sasa unaweza kumwambia mkeo." Yule mama wa zulia la ngazi aliniuliza kama nimefiwa, jinsi nilivyokaa chini ghafla. Nilimpunguzia bei bila kuombwa.

Siku ya kukamilisha ikaja. Vitu vyetu vyote vilikuwa kwenye gari langu la mazulia, Jean amekaa mbele na birika mapajani, mimi kwenye kiti cha ofisi ya Bi Uttley nikitazama simu. Fedha zinatoka benki, akanieleza, zinaingia kwake, zinakwenda kwa wakili wa Pickersgill, naye akizipata anampigia dalali aachie funguo. Hakuna wa kumharakisha mwenzake. Saa sita ikapita. Bi Uttley akala kipande cha keki ya tangawizi, akanipa kingine, nikakitia mfukoni. Simu ilipolia alisikiliza, akasema asante, akaweka chini.

"Nenda kachukue funguo zako."

Nilitaka kusema jambo la maana. Nimeuza kwa mdomo maisha yangu yote. Nikasema, "Haya," nikateremka ngazi.

Pickersgill alikuwa ameondoka, amefagia. Crabtree alikuwa amesimama barabarani eti anaangalia hali ya hewa. Jean akaingia, akapita chumba hadi chumba taratibu na mkono kiunoni, akagusa kuta. Akarudi jikoni, akasimama mbele yangu na birika bado mkononi.

"Norman. Ni yetu sasa? Yetu kweli, au ni ya mikono?"

Niliwahi kuwa na uhakika humu humu ndani, na ona ulinifikisha wapi. Nikatoka, nikashuka mpaka kibanda cha simu cha kona, nikatumbukiza sarafu.

"Bi Uttley, ni Helliwell. Samahani. Mke wangu anauliza kama ni yetu."

Nikasikia kitu kikigusa meza. Nadhani alikuwa anavua miwani.

"Ni yenu, Bwana Helliwell. Paa, sakafu, gata na ngazi. Mwambie aweke maji motoni."

Nilirudi nikamwambia. Akaweka maji motoni.